Mkondo wa A

Shangazi Sikitu wa gazetini, kwa kuwa nimekuzidi umri, shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, kisha uniruhusu niseme moja kwa moja jambo nililolificha, maana siku hizi nikizunguka sana pumzi inaniishia njiani: mjukuu wangu Fausta anasomea useremala, na baba yake, yaani mwanangu Deogratias, anaamini kwamba anasomea mambo ya kumpeleka kwenye udaktari, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari hapa Ifakara, na waliopita mikononi mwangu bado wananiita Mwalimu Donati hata wakinikuta kitandani. Moyo wangu umechoka. Daktari alianza kunieleza kwa lugha nzuri ya kuzungukazunguka, nikamwambia, "Kijana wangu, nimesahihisha insha maisha yangu yote, nenda kwenye hitimisho," akacheka, akaenda huko. Kwa hiyo sijui kama nitaiona Krismasi nyingine, na sikuandikii ili unihurumie, kwani nyimbo za mazishi nimekwisha kuzichagua na kwaya imekwisha kuzikataa mbili kwa madai kwamba zina noti za juu, nikawaambia wajitahidi, mimi sitakuwepo wa kuwacheka.

Fausta alikuja kukaa nami baada ya marehemu mke wangu kutangulia, ili mzee asibaki peke yake, na alipomaliza darasa la saba akapata nafasi katika shule ya hapa karibu ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishiwa mkondo wa amali, na sisi wazazi na walezi tukaitwa tuelezwe kwamba sasa mtoto anaweza kufuata mkondo wa jumla, ule wa vitabu tuliouzoea, au mkondo wa amali, ambamo anasoma Hisabati na Kiswahili na Kiingereza kama wenzake lakini pamoja na hayo anajifunza fani, na pale fani zilikuwa useremala na ushonaji. Jirani yangu Bi Verediana, ambaye alizaliwa Kivukoni na kaka zake walikuwa wakivusha watu kwa mitumbwi kabla ya daraja, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mkondo ninaoujua mimi ukimchukua mtu unamrudisha siku ya tatu, tena amevimba. Huo wa kwenu una kina gani?"

Watu wakacheka, na Mwalimu Nickolaus, aliyekabidhiwa fani ya useremala, naye hakukosa jibu: "Mama, huu wetu unaingia na randa, unatoka na kabati."

Huyu Nickolaus chuoni alisomea jiografia, lakini alipelekwa chuo cha ufundi wakati wa likizo ili aje afundishe useremala, akarudi na cheti pamoja na kidole gumba kilichofungwa bandeji, na tangu siku hiyo watoto wanamwita Mwalimu Kidole, naye anaitika bila kinyongo. Nilimpenda papo hapo. Mwalimu anayekubali kuwa mwanafunzi tena akiwa na ndevu, huyo ni mwalimu.

Tukiwa njiani kurudi nikamwuliza Fausta anataka nini, akaniambia, "Babu, baiolojia naiweza, ila mbao naziota." Sasa mtu aliyefundisha miaka yote hiyo akisikia sentensi kama hiyo kutoka kwa mtoto, atafanya nini? Nikakubali. Kazi iliyobaki ilikuwa kumjulisha baba yake, ambaye yuko Morogoro, ni mhasibu, na tangu Fausta alipozaliwa amekuwa akimwita daktari.

Naomba uisikie simu yenyewe jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kosa lote limo humo. Ilikuwa Januari mwaka jana.

"Baba, shikamoo. Fausta wamemweka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Wamemweka vizuri. Yuko mkondo wa A…"

Na hapo, Shangazi, mtandao wetu wa Ifakara, ambao unaujua au umesimuliwa, ukakata neno katikati. Uliporudi nikamsikia Deogratias anapiga kelele nyumbani kwake: "Mama Fausta, njoo usikie! Mtoto yuko mkondo wa A! A, mama, A!"

Lazima nikueleze furaha hiyo ilitoka wapi. Enzi zangu shuleni tuligawa kidato katika mikondo, A wenye akili nyingi, B wa kati, C wale tuliosema kwamba watajitahidi, na Deogratias alisoma katika shule niliyokuwa mkuu, na mimi kwa kuogopa kuonekana nampendelea nilimwacha C alikoangukia kwa alama zake, akakaa huko miaka minne akijitahidi. Kwa hiyo mtu wa C alikuwa anasikia kwamba binti yake ni wa A. Alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu akiwa mdogo. Nikajiambia nitamrekebisha kesho. Kesho yake akawa amekwisha kuwaambia wajomba zake wa Mahenge, na keshokutwa wajomba wakanipigia kunipongeza.

Tangu hapo imekuwa kazi. Kila Jumapili anapiga.

"Baba, baiolojia wameanza kupasua?"

"Wanapasua kila wiki."

"Vyura?"

"Vitu vikubwa kuliko vyura."

"Sungura! Kidato cha kwanza wanapasua sungura!"

Mimi nikakohoa, na kukohoa ni jambo ambalo kwa sasa sihitaji kuliigiza. Matokeo ya muhula namsomea kwa simu, nikifika kwenye useremala nasema, "Na hili la vitendo ana A," na hilo si uongo, ana A kweli. Akipiga simu ya picha Fausta anakimbia kwanza kutoa maranda kwenye nywele, na siku moja lilibaki moja juu ya sikio, limejikunja kama hereni, mama yake akamsifia urembo.

Sasa nikueleze alichofanya mtoto huyu. Moyo wangu ukizidiwa siwezi kulala chali, pumzi inakatika, na daktari aliagiza nilale nimeinuliwa, tukajaribu mito, mito ikawa inateleza na alfajiri mimi niko chini na mito iko mlangoni. Fausta akanipima mgongo kwa futi kamba kama mshona suti, akaenda karakana, akachukua mbao za paini zilizoshuka kutoka Uchindile, akanitengenezea egemeo la kuweka kitandani, lenye meno nyuma ya kupandisha na kushusha, na mahali pa kichwa akapapiga msasa mpaka pakawa kama shavu. Mwalimu Kidole alilipokea kama kazi ya muhula ya Fausta. Tangu siku ile nalala. Ninakuandikia nikiwa nimeliegemea.

Krismasi Deogratias alikuja, akaliona, akalipandisha, akalishusha, akalala yeye mwenyewe.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

"Kuna fundi mmoja mdogo hapahapa mjini."

"Mdogo wapi, huyu ni mkubwa! Nipe namba yake, nataka moja kwa ajili ya mama mkwe."

Fausta alikuwa amesimama na sinia la chai, vikombe vikaanza kugongana. Na jioni hiyohiyo baba yake akamkabidhi zawadi, kile kipimo cha madaktari cha kusikilizia moyo, kipya, kwenye boksi. Mtoto akakivaa, akaniwekea kifuani, akasikiliza kwa makini, akasema, "Babu, unagonga kama nyundo iliyolegea mpini." Tukacheka wote watatu, kila mtu kwa sababu yake.

Kicheko hicho kimekwisha. Jumapili iliyopita Deogratias alinipigia kwa furaha kwamba amempatia Fausta nafasi katika shule ya bweni huko Morogoro, yenye maabara kubwa, na kwamba akija Pasaka ataondoka naye, kwa sababu mtoto wa mkondo wa A asipotee huku bondeni. Fausta alisikia yote. Hakulia. Alikaa nje akapiga msasa mguu mmoja wa kigoda alichokuwa akikitengeneza mpaka ukawa mfupi kuliko mingine, na sasa kigoda kinayumba.

Padri anayeniletea komunyo nilimweleza. Akaniuliza, "Unajuta, Mwalimu?" Nikasema nusu. Akasema nusu haina maondoleo, akaenda zake kwa pikipiki.

Basi niambie, Shangazi. Nikisema, nitakufa nikiwa mwongo machoni pa mwanangu, na sina muda wa kutosha wa kujisafisha. Nisiposema, nitakufa baba mwema, kisha Fausta atapelekwa kwenye maabara asiyoitaka, au yatagundulika baadaye na yeye ndiye ataonekana mwongo, peke yake, nami nimelala pale makaburini nimenyamaza. Ninaogopa yote mawili na ninaomba unisaidie kuchagua.

Mwalimu Donati,
Viwanja Sitini, Ifakara.

SHANGAZI SIKITU ANAJIBU

Mwalimu, shikamoo, na hii nakupa upya hata kama uliichukua mwenyewe.

Jibu hili nakutumia kwa simu kabla ya kulichapa, kwa sababu Pasaka haingoji gazeti. Nitakugombeza, lakini nagombeza huku nimepiga goti, kwa hiyo vumilia.

Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa ukurasa wa michezo akaja kuuliza kuna nini. Halafu nimeisoma mara ya pili na kicheko kimepungua. Labda unajiambia kwamba umemlinda Fausta. Kweli ulimlinda ulipokubali achague mbao. Lakini baada ya hapo mtoto huyu umemfundisha mambo mawili kwa pamoja, useremala na uongo, na hilo la pili, Mwalimu, halina cheti. Anayekimbia kutoa maranda kwenye nywele ni yeye. Anayeshika sinia linalotetemeka ni yeye. Hivi umeona kwamba fundi huyu amesifiwa na baba yake mzazi, kwa maneno ambayo binti yeyote angeyaweka moyoni mpaka uzeeni, na hakuruhusiwa kusema "ahsante, Baba"? Ulimnyima hilo. Naomba usikie uchungu kidogo hapo, halafu uendelee kusoma.

Unauliza uchague lipi. Huna cha kuchagua. Ukinyamaza, kesi yote unamwachia msichana wa kidato cha pili aibebe akiwa bado na kilio cha msiba. Utasema, na utasema wewe, kwa mdomo wako, kabla Deogratias hajapanda basi. Usimtume Fausta. Usimtume Mwalimu Kidole, kidole chake kimeteseka vya kutosha. Na usimwachie padri aje aseme kwenye mahubiri ya mazishi yako, maana najua wazo hilo limekupitia.

Ukimpigia, usianze na hotuba. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili na uliacha neno nusu kwa zaidi ya mwaka. Limalize. Acha anune. Ana haki ya kununa, alijigamba kwa wajomba. Akinuna usikohoe.

Kisha mwambie mambo mengine yote kama yalivyo, bila kuyapaka rangi. Mwambie binti yake bado anasoma Hisabati na lugha, na kwamba mkondo huo umepangwa mtoto amalize kidato cha nne akiwa na elimu ya sekondari na ufundi mkononi, na mbele yake kuna vyuo vya ufundi, na anayetaka kupanda zaidi ana njia ya kupanda. Maelezo kamili ayapate shuleni, siyo kwako, kwani wewe kwa sasa kuaminika kwako kumeshuka bei. Na hili usimfiche pia: kutoka karakana hadi udaktari si njia iliyonyooka. Kama Fausta ana hata chembe ya kuutaka udaktari, huu ndio wakati wa kuisema. Mkalisheni, mwulizeni mbele ya baba yake, na wewe ukae kimya, aulize baba na ajibu mtoto.

Siku Deogratias atakapofika, usimpokee sebuleni. Sebuleni atakuwa mtoto wako wa mkondo C anayegombezwa. Mpeleke, au apelekwe na Fausta, moja kwa moja karakana, asimame penye harufu ya mbao, amwone binti yake akifanya kazi. Mwache binti amwambie baba yake mwenyewe jinsi alivyopata wazo la yale meno ya nyuma ya egemeo. Mtu aliyelala juu ya egemeo lile akaomba namba ya fundi amekwisha kukubali nusu ya jambo. Nusu iliyobaki akubali akiwa amesimama.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa heshima zote. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu na nimesoma habari za mitandao mingi mibovu. Huo wa kwenu una akili ya pekee, unakata neno mahali palepale panapomfaa mzee. Sisemi zaidi.

Mpigie leo. Na kile kigoda kinachoyumba mwambie Fausta asikitupe. Mguu uliopungua haurudishwi, lakini mitatu mingine inaweza kupunguzwa ikalingana nao.

MWALIMU ANARUDI

Tulikuwa tumekwisha kubadilisha majina yote ya barua hii, Mwalimu akatuambia tuyarudishe, kisha akatuma maneno haya tuyaweke chini ya jibu.

Shangazi, nimempigia. Fausta alikuwa amekaa miguuni pangu akijifanya anachambua mchele.

"Deo, kuna neno nilikuambia mwaka jana sikulimaliza."

"Neno gani, Baba?"

"A."

"A ipi?"

"Amali. Fausta yuko mkondo wa amali. Anasomea useremala."

Nikatazama simu kama bado inahesabu. Halafu akasema, polepole, "Baba. Na wale sungura?"

"Walikuwa mbao."

Alikasirika, Shangazi, na sikukohoa. Aliniambia kwamba ofisi nzima inamwita Baba Daktari, na kwamba ameanza hata kuitika. Nikamwacha aseme mpaka akachoka, kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Lile egemeo?"

"Fausta ndiye yule fundi. Namba yake unayo, ulimpa jina wewe mwenyewe."

Akasema nimpe simu. Sikusikia alichoambiwa Fausta, nilimwona tu anatikisa kichwa, halafu akasema, "Hapana Baba, sitaki udaktari, nilikuwa naogopa kukuambia," halafu akasema, "Ahsante, Baba," halafu akamwaga mchele wote. Deogratias hajasema kwamba ile shule ya Morogoro ameiacha. Amesema anakuja Pasaka, aone karakana kwa macho yake, na mgongo wa mama mkwe amekwisha kuupima, ni mpana, fundi ajiandae.

Fausta aliponirudishia simu ili baba yake aniage, alikuwa amepoa. Akanihurumia, Shangazi. Akasema, "Basi, Baba, na mtandao wa huko nao ulituponza. Ungemaliza neno lako siku ile, haya yote yasingekuwepo."

Ningeweza kuishia hapo. Alikwisha kunisamehe, na kosa alikwisha kulibebesha mnara wa simu, ambao hauna mjukuu wala kaburi. Fausta alikuwa ananitazama, na mchele ukiwa sakafuni.

Nikamwambia: "Mtandao haukukatika, Deo. Nilifika kwenye A, nikaona aibu."